Mizinga Thelathini na Saba Ambayo Haikuwepo

Nina ugonjwa wa kucheka. Nikiogopa nacheka, nikikaripiwa nacheka, na nikijua kabisa kwamba leo yamenifika, ndipo kicheko kinanipanda kama kwikwi. Shuleni nilichapwa kwa ajili yake. Msibani shangazi zangu wamenitoa nje kwa mkono zaidi ya mara moja. Na siku mkurugenzi aliponiita Korogwe kuniambia kwamba nimeuzwa, nilicheka mpaka katibu wake akaniletea maji.

Yeye hakusema nimeuzwa. Alisema kitengo cha asali kimepata mnunuzi. Lakini kitengo cha asali kilikuwa mimi, mzee mmoja mrina asali, dereva wa pikapu na mizinga, na mizinga yenyewe nitaieleza, kwa sababu hapo ndipo penye balaa.

Kampuni yetu ilianza na mashine moja ya kukamua mafuta ya alizeti, pale Korogwe, karibu na stendi. Halafu, kama zinavyofanya kampuni za watu wenye moyo mkubwa, ikaanza kuzaa. Ikazaa mashine za unga, ikazaa malori mawili, ikazaa kiwanda cha matofali. Sisi wa Handeni tulizaliwa kwenye semina. Mkurugenzi alikwenda Dodoma kwa siku tatu, akarudi na kofia, mkoba na kitengo cha asali. Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo na nimekaa nyumbani nikiambua mbaazi na mama. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuambiwa na ofisi zote kwamba watapigiwa simu. Mimi mkurugenzi alinisikiliza robo saa, akaniambia, "Binti, unaongea sana, utawaweza wakulima," akanipa kazi. Sijawahi kumsahaulia wema huo.

Tulianza na mizinga arobaini ya magogo. Mrina wetu aliichonga yeye mwenyewe na kuitundika. Huyu mzee ni Mzigua wa palepale, anazijua tabia za nyuki kuliko anavyozijua za wakwe zake. Lakini mwaka ule mvua ilikataa. Nyuki hawakuja, siafu wakaja. Mizinga mingine ilidondoka, mingine ikapasuka kwa jua. Nilipohesabu ile yenye nyuki ndani nilipata tisa, na wiki hiyohiyo mkurugenzi akapiga simu kwamba anakuja kuona maendeleo.

Nilicheka, bila shaka. Kisha nikamwendea mzee mrina nikiwa na machozi.

"Sasa unalia nini?" aliniuliza. "Mgeni anakuja, tuna upungufu. Watu wenye upungufu wanafanyaje? Tunaazima."

Kwetu mtu mwenye shughuli haonekani kapungukiwa. Ukiwa na harusi, majirani wanaleta masufuria, majamvi, viti, hata kuku wa kupitapita uani ili nyumba ionekane ina watu. Kesho yake kila kitu kinarudi kwa mwenyewe na hakuna anayesema umedanganya. Basi nasi tukaazima mizinga. Jioni moja kabla ya ugeni, ungeona watu wakitoka vichakani wamejitwika magogo vichwani, wanataniana, mama mmoja anamwambia mumewe, "Wa kwetu uweke mbele, usije ukatundikwa nyuma kama wa maskini." Mzee akapita na chaki akaiandika namba, moja hadi arobaini. Chaki, kwa sababu rangi isingetoka, na wenyewe wangenung'unika.

Kilichotuokoa ni kwamba mkurugenzi anaogopa nyuki kupita maelezo. Alikaa ndani ya pikapu, vioo vimefungwa, jasho linamtiririka, akahesabu kwa kidole kupitia kioo. Ikatimia. Akafurahi. Tulipokwenda kumpa chai ofisini, jirani mmoja mwenye haraka zake akapita mlangoni na mzinga wake begani.

"Yule anaupeleka wapi?"

"Kuusafisha, mzee," nilisema.

"Mnasafisha mpaka mizinga!" Akaandika kwenye kijitabu chake.

Nilidhani ni mara moja tu. Lakini mwaka uliofuata alikuja tena, na shughuli ikishakuwa kubwa haiwezi kurudi kuwa ndogo, watu wataulizana. Tukafika hamsini. Mwaka mwingine tukafika sitini. Nilikuwa natia saini idadi hiyo kwenye karatasi za kampuni kwa mkono usiotetemeka, na kama kuna jambo linalonitisha hadi leo ni jinsi mkono ule ulivyozoea. Hatukuwa wavivu, jamani. Tulifanya kazi kweli, na mizinga ya kweli ikapanda hadi ishirini na mitatu, yenye nyuki wakali wa heshima zao. Asali ilitoka kiasi chake, nzuri, na karibu yote mkurugenzi aliigawa kwa wageni wake. Akiuliza kwa nini haijai ndoo, tulisema ukame. Ukame wa Handeni haujawahi kumkana mtu.

Sasa turudi Korogwe, kwenye ile glasi ya maji.

"Binti, kaa utulie," mkurugenzi aliniambia. "Nimechoka. Nikiamka nawaza malori. Nikinawa uso nawaza unga. Nikifika kwenye mafuta, ambayo ndiyo yanayotulisha sote, akili imekwisha. Nataka nirudi kwenye mafuta. Nataka mashine mpya. Siwezi kuipata bila kuachia kitu."

"Sawa mzee. Lakini kwa nini utuachie sisi? Kwa nini usiuze matofali?"

"Nani anunue matofali yangu? Ukiyatazama vibaya yanavunjika." Akatabasamu kwa fahari. "Nyie ndio mnaonunulika. Mizinga sitini, na hamna kelele. Nilimtajia mama mmoja wa Dindira, mfungashaji wa majani ya chai, hata sikumaliza sentensi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Hapo ndipo kicheko kilipopanda. Miaka yote tulijiremba ili kitengo kisifungwe, na kumbe tulikuwa tunajipeleka sokoni. Alinipa orodha ya mali zinazohamia kwa mnunuzi. Mizinga ilikuwa ya kwanza, sitini. Mimi nilikuwa nafasi ya kumi na moja, baada ya ngazi mbili za miti na kabla ya mapipa ya plastiki: mkuu wa kitengo, mmoja, mzoefu.

"Mama yule ataihesabu yote mwenyewe Jumatano," alisema akinisindikiza. "Nimemwambia asijisumbue. Nimemwambia Handeni nina mtu, akisema neno huna haja ya kwenda kuchungulia."

Neno hilo lilinichoma njia nzima. Kazi ningeweza kupata nyingine, au ningerudi kwenye mbaazi za mama. Lakini mtu mmoja duniani alikuwa ametembea Korogwe nzima akiwaambia watu kwamba mimi sichunguliwi, na Jumatano ingemfundisha vingine.

Nilikusanya majirani siku ileile. Nilitegemea tutaazima kama kawaida. Wakatazamana. Mama yule wa "usitundikwe nyuma" ndiye aliyesema.

"Mwanangu, siku zote tunakuazima kwa moyo mweupe. Lakini hii siyo harusi ya siku zote. Hapa bibi harusi anaondoka na masufuria."

Alikuwa na haki kabisa. Mizinga ikishahesabiwa safari hii ingekuwa ya mama wa Dindira kwa maandishi. Watu waliniombea dua, wakanywa chai yangu, wakaenda zao.

Mpango uliobaki ulitoka kwa dereva, mtu ambaye katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja alizungumza zaidi kwa honi kuliko kwa kinywa. Alisema: kilima chetu ni cha mviringo. Njia inakizunguka. Mgeni hajui njia. Tukimzungusha mara tatu, ishirini na mitatu inakuwa sitini na tisa, tena tunabaki na ziada. Namba je? Mzee akasema namba ni kazi yake, apewe bodaboda na kitambaa kibichi.

Najua. Mtu mwenye elimu yangu alipaswa kukataa. Nilisema, "Ziada ya tisa tuiache, itatia shaka."

Jumatano mama wa Dindira akafika asubuhi na mapema, amevaa sweta la sufu kwenye jua letu. Mtu mnene kiasi, mpole, Msambaa wa milimani, macho yake yanatulia juu ya kitu hadi kimalizike. Nilimtania kwamba atayeyuka kama samli. Akaniambia kwao sweta ni kama ngozi, akilivua atapata mafua. Nikampenda papo hapo, jambo lililozidisha mateso yangu. Njiani akaeleza kwamba wateja wake wa majani ya chai humwuliza asali kila mara, na yeye huwapa jina la mtu mwingine. Amechoka kuwapa watu jina la mtu mwingine.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, ila kwa jambo moja: hakukaa kwenye gari. Alishuka kwenye kila mti. Akapanda ngazi na sweta lake, akabandika sikio kwenye mzinga, akasikiliza kama daktari, akashuka. "Wapo," anasema, anaandika. Nyuki walimpita usoni asipepese macho. Nyuma yetu, kwa mbali, nilisikia bodaboda ikikohoa kwenye njia ya mkato, na nilijua mzee yupo juu yake na kitambaa, anafuta moja na kuandika ishirini na nne.

Sasa, kwenye njia panda ya kilima chetu kuna nyumba, na mbele ya nyumba kuna bibi. Bibi huyu hukaa barazani kutwa nzima akichambua mchicha au kupepeta mahindi, na haiwezekani mtu wa kwetu akampita bila kumsalimia. Hatukumweka kwenye mpango. Ungetuuliza dereva, mzee au mimi, hakuna aliyemsahau. Tulimzoea tu, kama unavyozoea mlango wa nyumba yako.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wanangu. Karibuni."

Mama wa Dindira akagonga bega la dereva. "Simama. Siwezi kumpita mtu mzima nimekaa." Akashuka, akapiga goti kidogo, akasalimia kwa Kishambaa. Bibi akajibu kwa Kizigua, wakaelewana vizuri tu. Wakaulizana hali, mvua, watoto, mifugo, na hali tena. Tukaondoka.

Mzunguko wa pili, njia panda ileile. Nilimwambia dereva kwa macho apite kwa kasi. Akanijibu kwa macho kwamba bibi huyo ni shangazi wa mke wake na yeye bado anataka kula nyumbani. Gari likasimama.

"Shikamoo bibi," tulisema wote watatu.

"Marahaba. Karibuni tena." Alitutazama mmoja mmoja. Mama wa Dindira akafungua mlango. Alishuka, akapiga goti, akasalimia upya, akauliza mvua upya. Niliuma ulimi mpaka ukaniuma kweli.

Mzunguko wa tatu ningeweza kuruka garini na kukimbilia Kilindi. Jua lilikuwa limepanda, sweta lilikuwa bado liko mwilini, na kwenye kila mti mama aliandika bila kuuliza. Tukafika njia panda. Bibi alikuwa amesimama, ungo kiunoni, anatusubiri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyie watoto, mmepotea? Semeni mnakokwenda niwaelekeze." Kisha akanyoosha kidole kichakani. "Na yule mtu mzima anayepita na bodaboda akipangusa mizinga ya watu, naye ni wa kwenu? Mpeni maji, atakufa kwa jua."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini vumbini. Dereva akaweka paji la uso kwenye usukani na honi ikalia yenyewe. Bodaboda ikatokeza, mzee nyuma, mweupe kwa chaki kuanzia nyusi hadi viatu, kitambaa mkononi, akaona sura zetu, akateremka polepole na kusema, "Shikamoo bibi," kwa sababu hata hapo hakuweza kumpita.

Mama wa Dindira hakucheka. Aliketi barazani kando ya bibi, akaomba maji, akanywa yote. Kisha akaniuliza, "Mizinga ya kweli mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Nilifikiri hivyo. Kuna mmoja kwenye mti wa mgunga, nyuki wake wanavuma kwa sauti nene. Nimeusikia mara tatu leo, mara ya kwanza ukiwa wa nane."

Nikamweleza yote, tangu ukame na siafu. Nilieleza vibaya, nikichanganya kicheko na kamasi, na bibi akisahihisha majina ya walioazima. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu, akampigia mkurugenzi mbele yangu.

"Mzee, shikamoo. Nimeiona. Nyuki wazuri. Ila mimi nimechagua ishirini na mitatu, hiyo ndiyo itakayonitosha. Bei yake tutaipunguza. Iliyobaki nakuachia mwenyewe."

Nilisikia sauti ya mkurugenzi ikishukuru, yenye furaha. Mama akakata simu, akaniangalia na yale macho yake yanayomaliza kitu.

"Mimi nimenunua mizinga," alisema. "Uongo wako sikuununua, umebaki kwa mwenyewe. Utakwenda kumwambia siku utakayoweza. Wewe nakuchukua, umo kwenye orodha."

Kwa hiyo tukahama bila kuhama. Miti ileile, ofisi ileile, pikapu ileile iliyopakwa rangi ya kijani. Lakini kila kitu kilibadilika. Chini ya kampuni ya mafuta tulikuwa kama mtoto wa kambo anayesifiwa kwa sababu halii. Huyu mama alikuja kila baada ya wiki mbili, akapanda kila mti, akagomba. Akanipeleka Dindira nikajifunze kuchuja na kufungasha, nikatetemeka kwa baridi mpaka nikanunua sweta langu, na wa Handeni waliponiona nimelivaa walinizomea wiki nzima. Chupa za asali yetu zikakaa kando ya pakiti za chai yake na zikaondoka pamoja. Majirani walioogopa bibi harusi kuondoka na masufuria wakaanza kutuletea asali yao wenyewe ili tuwauzie. Mzee alipata kofia yenye wavu, hakuwahi kuivaa, lakini aliitundika ukutani kama cheti.

Na Korogwe mambo yakanyooka pia. Mashine mpya ilifika. Mkurugenzi alikuwa anashinda kiwandani, mikono imejaa mafuta, anaimba. Nilipopita kumsalimia, watu wa matofali walinivuta pembeni. "Dada, hebu tueleze mlifanyaje. Na sisi tunataka kuuzwa." Nilicheka nao, na safari hiyo kilikuwa kicheko cha furaha tupu.

Furaha ingekuwa kamili kama mkurugenzi asingekuwa anajivunia mizinga yake thelathini na saba iliyobaki. Aliamini kabisa ipo. Alinipigia kila mwezi.

"Binti, mizinga yangu inaendeleaje?"

"Ipo palepale, mzee."

Haikuwa uongo, ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote. Nilikuwa nakata simu na kujichukia, kisha nacheka, kisha najichukia kwa kucheka. Nilikwenda Korogwe mara mbili kwa nia ya kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alinitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye yule niliyewaambia." Nikanywa soda, nikarudi.

Halafu akapiga simu akiwa na furaha kuliko kawaida. Amepata mtu Segera, mwenye kibanda cha kuuzia wasafiri, anataka kuinunua ile thelathini na saba yote. Yeye mkurugenzi anakuja kesho kuiona kwa mara ya mwisho.

Nilipofika kazini asubuhi, mzee alikuwa na chaki mfukoni tayari. Na uani walikuwepo majirani. Walikuwa wamekuja wenyewe, mizinga imeshatundikwa mingine, mingine bado vichwani.

"Tumesikia," alisema yule mama. "Leo tunakuazima. Tutajua baadaye jinsi ya kuirudisha. Hatuwezi kuacha uaibike."

Niliwapenda watu wale kiasi kwamba kifua kiliuma. Na nilikuwa karibu sana kukubali, nisijifanye shujaa hapa. Kilichonizuia ni kumfikiria mtu wa Segera akija na lori, na mama yule akisimama mbele ya gogo lake akisema ni langu, na mkurugenzi katikati yao akiwa hajui kitu. Nikamwomba mzee anipe chaki. Nikaiweka mfukoni mwangu. Nikawaambia waketi, chai ipo.

Mkurugenzi akafika na pikapu ya kiwanda cha mafuta, peke yake, vioo vimefungwa hadi juu. Nikamwendea. Nikamwashiria ashushe kioo. Akakataa kwa kichwa, akionyesha hewani kwamba kuna nyuki. Kulikuwa na nyuki mmoja, tena anakwenda zake.

"Haipo!" nilisema.

Akaweka mkono sikioni.

"Mizinga haipo, mzee!"

"Imeibwa?" Nilisoma midomo yake.

"HAIJAWAHI KUWEPO! Ilikuwa ya KUAZIMA! Miaka yote! NI MIMI!"

Handeni nzima ilisikia. Majirani waliacha vikombe. Ndani ya kioo nilimwona mzee wa watu akitazama ile miti, kisha ile mizinga mipya iliyotundikwa vibaya, kisha watu wenye magogo magotini, kisha mimi. Taratibu sana, kioo kikashuka. Kikashuka hadi chini. Yule nyuki akarudi, akapita mbele ya pua yake, na yeye hakumwona.

"Mwaka ule wa kwanza nilipokuja," aliuliza, "ilikuwa mingapi ya kweli?"

"Tisa, mzee."

"Tisa." Alikaa nayo. Nilingoja matusi, nilikuwa nimeshayapangia nafasi. "Na mvua haikunyesha mwaka ule."

"Haikunyesha."

"Ungeniambia tisa, ningekuletea fundi. Ningekuletea maji ya kuwawekea nyuki. Nilikuwa na pesa mwaka ule, nilikuwa natafuta pa kuzipeleka." Alifuta jasho. "Unajua kwa nini niliwauza nyie nikabaki na wale wa matofali?"

"Kwa sababu sisi tulikuwa wazuri."

"Wale wananipigia simu kila siku. Mzee saruji imekwisha, mzee kalibu ya kufyatulia imepasuka, mzee njoo. Nyie nilikuwa nakuja mwaka hadi mwaka, nawauliza mnahitaji nini, mnanijibu hatuhitaji kitu, kunywa chai. Nikasema basi, hawa wamekua. Hawanihitaji tena, niwaache waende." Akautazama usukani. "Wewe ulikuwa binti yangu wa kwanza kumwajiri."

Nilikuwa nimeshika mlango wa gari kwa mikono miwili. Nilijaribu kukumbuka hata mwaka mmoja ambao alipouliza nilisita kabla ya kujibu. Sikuupata. Kila mara jibu lilikuwa limeiva tayari, kama chai yenyewe, na kila mara alikunywa, akanishukuru, akarudi Korogwe akiwa ameridhika kwamba hakuna alichoweza kutufanyia.